Mabungo ya Pori la Shangazi

Ilianza Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwani kwetu Kariakoo, pale bungo la kwanza la gunia jipya lilipokataa kupasuka. Nililigonga kwenye sakafu, likadunda. Nikalipiga kwa mchi, likafunguka kwa shida, na ndani sikuiona ile nyama ya rangi ya machungwa. Kulikuwa kweupe. Utomvu ukatoka kama gundi, ukanishika vidole vyote.

"Mama," nikasema, "haya mabichi."

"Jaribu lingine."

Nikajaribu lingine. Likawa hivyo hivyo. Mama akaacha kupuliza jiko, akaja kuchutama karibu yangu, akayatoa mabungo moja moja kwenye gunia na kuyanusa. Hayakunukia. Bungo likiiva mtini huhitaji hata kuliona, nyumba nzima inajua.

Mama alikuwa anauza juisi ya mabungo mezani, barazani kwetu, kwenye mtaa unaoelekea Gerezani. Mimi kazi yangu ilikuwa ya nyuma. Kupasua, kutoa nyama, kukamua, kuchuja. Sikupenda kwenda mbele. Wateja wananiuliza kitu, sauti yangu inakwama, wanarudia swali kama vile mimi ni kiziwi, nami naona aibu zaidi. Uwani nilikuwa na mabeseni yangu na chujio langu, nikimaliza naoga naenda shule. Tatizo lilikuwa mikono. Utomvu wa bungo ukikauka unakuwa mweusi na hautoki kwa sabuni. Darasani kuna msichana alikuwa akinikaribisha kila asubuhi kwa kusema, "Bi harusi kaja na hina yake." Nilikuwa nacheka na mimi, ingawa sikuona cha kuchekesha.

Mabungo yetu yote yalitoka kwa shangazi, dada yake marehemu baba. Anaishi huko ndani, ukishapita Kisarawe, kwenye shamba la ukoo lenye pori nyuma yake. Alikuwa akija na gari la mihogo. Akishashusha magunia anakunywa chai, anamchokoza mama, anapanda gari lile lile kurudi. Mimi lile pori sijawahi kuliona. Shangazi aliniahidi kunipeleka nikishafaulu mtihani wa kidato cha pili. Nilifaulu, lakini safari yenyewe bado haijafika. Kwa hiyo msitu wote niliokuwa naujua ni ule uliokuja ndani ya gunia: majani makavu, sisimizi wekundu, mara moja kinyonga aliyetufanya mimi na mama tukimbilie chumbani na kujifungia.

Asubuhi ile ya Jumatano shangazi hakuwa ameondoka bado. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Wifi," mama akamwambia, "leo umeniletea mawe."

"Jenga nyumba basi. Si kila siku unalalamika chumba kidogo?"

"Nakwambia kweli. Haya hayajakomaa."

Shangazi akaacha utani. Akasema anajua. Akasema kama asingeyachuma yeye mabichi, kesho yake asingeyakuta kabisa, maana vijana wa bodaboda wanapita kila siku na magunia matupu wanachukua chochote, na huko barabarani wanunuzi hawaulizi limeiva au halijaiva. Kariakoo nzima siku hizi inakunywa bungo. Maofisini wanakunywa bungo. Zamani walikuwa mama na mabibi wachache wa Ilala, sasa kila kona kuna ndoo na kata.

"Na wanachumaje?" mama akauliza. "Si wanapanda juu kama wewe?"

"Nani apande? Wanakuja na msumeno."

Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria, pamoja na miaka yote ya kukamua. Mbungo si mti. Ni mmea wa kutambaa, unapanda juu ya miti mingine, unafika juu kabisa na kuzaa huko. Shangazi na wenzake walikuwa wanapanda kwa kamba, au wanangoja yaliyoiva yadondoke. Hawa wapya hawana muda. Wanaukata mti uliobebeshwa, unaanguka na mbungo wake, wanaokota kama mtu anavyookota nguo zilizoanguka kwenye kamba, halafu wanaondoka. Mti unabaki pale pale umelala.

"Msandarusi mzima," shangazi akasema, "kosa lake nini? Kubeba mtoto wa mwenzie."

Kwao kulikuwa na mwiko. Ya kileleni hayachumwi. Yale ni ya kima. Na ukila bungo porini, mbegu unazitema huko huko, chini ya mti mwingine, huzibebi nyumbani. Nilimuuliza kwa nini, kwa sababu na shangazi angalau naweza kuongea. Akasema kima ndiye mkulima wa pori. Anakula bungo hapa, anakwenda kujisaidia kule, na siyo bungo tu, anabeba na mbegu za mkuyu, za mfuru, za miti ambayo mtu hawezi hata kula matunda yake. Ukimnyima bungo anahama. Akihama, miti mikubwa inabaki inazeeka bila watoto.

"Wamehama?" nikauliza.

"Walianza kuingia kwenye mahindi, wakapigwa. Waliobaki sijui wako wapi." Akanywa chai. "Siku hizi panapoanguka mti panaota kitu kimoja tu, kichaka cha miba. Kimoja, kimoja, kimoja. Mbuzi wenyewe wanakipita pembeni."

Kisha akatueleza kilichokuwa kinamsumbua. Kaka zake, yaani baba zangu wakubwa, walikuwa wamekaa kikao. Pori ni la ukoo, na wao ndio wenye sauti. Walisema pori lisilozaa ni la nini? Kuna mtu wa mkaa yuko tayari kulisafisha lote, halafu wao wapande mikorosho. Shangazi akawaomba. Wakampa masika moja. Wakasema, tuonyeshe bungo jipya linaota humo ndani, hata machipukizi tu, nasi tutaliacha. Kama hakuna, basi, dada, usitulaumu.

"Sasa utaotesha na nini?" mama akauliza. "Huko umesema hakuna kilichobaki."

Shangazi alikuwa anaangalia nyuma yangu, kwenye mtaro, kwenye lundo la mbegu. Kila siku tukishakamua, mbegu tunazirundika pale mpaka wazoa taka wapite. Sikuwahi kuziona kama kitu.

"Wifi," akasema taratibu, "msitu wangu wote umeumwaga hapa."

Mama akacheka kidogo tu. Nadhani wote watatu tulikuwa tunaliangalia lundo. Kila bungo lililowahi kuja Kariakoo lilikuja na mbegu zake, na zote zilikuwa zimeishia kwenye mtaro au dampo. Hakuna hata moja iliyorudi kwao. Sisi tulikuwa nyumba moja tu. Nikafikiria ndoo zote za mitaa yote.

Kwa hiyo ikapangwa. Magunia ya mwisho ya msimu, yale machache yaliyokuja yameiva vizuri, mama alisema mbegu zake zote zirudi. Tukaziosha, mama akazianika juu ya bati la banda la choo, jirani mmoja akauliza kama tunaanzisha kahawa. Mama akamjibu, "Tunaanzisha msitu, utakuja kupanga chumba." Ilikuwa wiki nzuri ile. Mama alikuwa anaimba. Shangazi alipokuja kulichukua gunia la mbegu alilipakata garini kama mtoto, wala hakukubali lipandishwe nyuma na mizigo ya watu.

Akazipanda kabla ya mvua. Wanawake wa pale kijijini walimsaidia. Waliingia porini na majembe, wakazifukia chini ya kila mti mkubwa uliokuwa bado umesimama, kwenye kivuli, kama kima angefanya.

Masika ikaja. Huku kwetu mvua ni matope tu na mitaro kufurika, watu wanaruka ruka na viatu mkononi, lakini mwaka huu nilikuwa naipenda. Ikinyesha usiku nilikuwa najisemea, inanyesha na kule. Mama alimpigia shangazi kila Ijumaa.

"Bado," shangazi alisema. "Bungo lina kiburi, halikurupuki."

Ijumaa nyingine: "Bado. Nimefukua moja, naona iko vile vile tu. Ngoja."

Ijumaa nyingine hakupokea.

Sasa nitaandika lililotokea shuleni. Ilikuwa kipindi cha baiolojia. Mwalimu alikuja na chupa mbili, kila moja ina pamba iliyoloana na maharage. Alikuwa ameziandaa wiki iliyopita. Kwenye ya kwanza maharage yalikuwa yameota, yana mizizi, yana shingo za kijani. Kwenye ya pili yalikuwa yamelala yanatoa harufu.

"Maji yapo zote mbili," mwalimu akasema. "Hewa ipo. Joto lipo. Kwa nini hii haijaota?"

Darasa likapiga kelele. Mmoja akasema maharage yamegoma, mwingine akasema yamerogwa. Mwalimu akasubiri, halafu akasema, kwa kawaida kabisa, kama mtu anayesema leo ni Jumanne, "Haya niliyachemsha kwanza. Mbegu ni kitu hai. Ukiichemsha umeiua. Unaweza kuimwagilia mpaka uzeeke."

Nilisikia kama sakafu imezama. Yule msichana wa hina alinigusa, "We vipi, unatapika?" Niliitazama ile chupa ya pili.

Kwa sababu sisi tunachemsha. Zamani mama hakuchemsha. Shangazi alimfundisha njia ya kwao: unaloweka nyama ya bungo pamoja na mbegu kwenye maji baridi, unafikicha kwa mikono, unachuja. Lakini juisi ile inachacha mapema. Zilipoanza ofisi kuchukua kwa chupa, mama akaanza kuweka nyama na mbegu zake kwenye sufuria pamoja na sukari, inatokota kidogo, ndipo tunachuja. Inakaa muda mrefu na rangi inakolea. Ndivyo karibu wote wanavyofanya sasa. Shangazi alikuwa anakuja alfajiri na kuondoka kabla sufuria ya juisi haijapanda jikoni. Hakuwahi kuiona ile sufuria. Yeye alijua mbegu zetu zimelowekwa tu. Na sisi, wa mjini, mbegu kwetu ilikuwa mbegu. Ni kama vile hatukujua kwamba ina uhai wa kupotea.

Niliporudi nilimkuta mama anafua. Nilimwambia palepale nimesimama na begi mgongoni. Aliendelea kusugua nguo ile ile kwa muda.

"Zote?" akauliza.

"Zote zilipita kwenye sufuria, mama."

"Mungu wangu." Akakaa kwenye maji ya sabuni, kwa kweli alikaa kabisa, kanga ikalowa. "Mungu wangu, yule mwanamke analima mbegu za kuchemsha."

Hakunilaumu na sikumlaumu. Tulikwenda sokoni saa ileile, yeye na kanga yake mbichi. Alisema tukipata mabungo yaliyoiva, hata beseni moja, tunatoa mbegu mbichi zinaondoka na gari la jioni, mvua bado ipo ipo.

Tukazunguka. Kariakoo ina kila kitu, ndivyo watu wanavyosema, na mimi niliamini. Tukapita kwa wauza matunda wote tunaowajua. Msimu umeisha. Wengine walisema msimu haukuisha, mabungo ndiyo yameisha. Karibu na kituo cha mwendokasi tukamkuta kaka mmoja ana beseni la mabungo madogo kama ndimu, ganda la kijani.

"Karibu mama mkubwa, bungo la mwisho hilo, kesho hulioni hata kwa dawa!"

"Baba, lipasue moja nilione."

"Ukipasua umenunua."

Mama akanunua. Akapasua. Ndani kweupe, mbegu laini kama punje za mahindi machanga, ukizibonyeza zinatoa maziwa.

"Nataka yenye mbegu zilizokomaa," mama akasema.

"Mbegu?" Kaka yule akawageukia wenzake. "Jamani, mteja anataka mbegu! Watu wote wanatema mbegu, mama huyu anazifuata!" Wakacheka wote, bila ubaya. Halafu mmoja wao, wa makamo, akasema, "Mama, hizo hupati. Siku hizi yanachumwa yakiwa bado yananyonya. Yale ya njano unayoyaona yameivia kwenye gunia."

Tulirudi nyumbani na mama amelishika lile bungo moja lililopasuliwa. Njiani alinunua ukwaju, kwa sababu mezani lazima kuwe na kitu.

Jumamosi kabla hatujapata ujasiri wa kumpigia, shangazi akaja mwenyewe. Hakuja na gari la mihogo. Alikuja na begi dogo na amevaa baibui lake la kutokea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mama yako yupo?"

Alikuwa amekuja kumwomba mama waende pamoja kwa baba wakubwa. Mama ni mjane wa kaka yao, labda wakimwona naye wataongeza msimu mmoja. Alieleza yote hayo akiwa bado amesimama, haraka haraka, kama aliyeyakariri njiani. Alisema mbegu hazijaota lakini hazijaoza, kwa hiyo zinakuja, ni ukaidi tu.

Mama akamwambia. Alianza vibaya, akaanza na maharage ya mwalimu, shangazi hakuelewa, mama akanigeukia nimsaidie, nami sauti ikakwama. Mwishowe mama akaenda jikoni akaileta sufuria, akaiweka katikati yetu.

Shangazi akaitazama. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa mtandio.

"Wifi," akasema, "umenipa mchemsho nikapande?"

"Nisamehe wifi yangu."

"Ungeniwekea na ndizi basi, tungekula." Akacheka tena kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Na wale wanawake. Walilima na mvua inawanyeshea. Niliwaambia watoto wao watakuja kuchuma."

Alikaa. Jirani alikuwa anatwanga, tukamsikiliza anavyotwanga.

Simu yake ikalia mchana, tulikuwa hatujala. Ni baba mkubwa. Shangazi hasikii vizuri sikio moja, huwa anaweka sauti ya nje, kwa hiyo tulisikia wote. Baba mkubwa hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali. Alisema, "Dada, watu wamefika na vyombo vyao, wameanzia upande wa bondeni. Usije leo, utajiumiza bure." Na nyuma ya sauti yake kulikuwa na msumeno. Unapanda, unashuka, unanyamaza. Halafu kitu kama upepo, kirefu. Halafu unaanza tena.

Shangazi hakuikata simu hata baada ya kaka yake kuacha kuongea. Akaiweka mkekani. Akawa anataja miti ya bondeni, hatuambii sisi, anajiambia mwenyewe tu: mkongo, msandarusi, mfuru, mpingo mmoja mwembamba uliopona siku zote. Halafu akataja mingine kwa Kizaramo, mingi, mingi kuliko ile ya kwanza. Nikamuuliza hiyo kwa Kiswahili inaitwaje.

"Haina," akasema. "Hiyo hakuna aliyewahi kuileta Kariakoo."

Ndio usemi niliobaki nao. Kwamba tulikuwa na msitu wa miti ambayo sokoni haina jina, na imeanguka kwa sababu ya tunda moja lenye jina. Wala hakuna aliyekuwa na ubaya. Mama hakuwa na ubaya, wale vijana wa bodaboda wana wadogo zao wa kulisha, wanywaji wana kiu, Bongo ina joto. Nimelitafuta kosa ili nimchukie mtu. Nikilipata linakuwa dogo mno, halitoshi kwa pori zima.

Jumapili asubuhi mama na shangazi waliondoka mapema. Shangazi alitaka kuwaomba radhi wale wanawake mwenyewe, na kuona pamebaki nini, na mama alisema hawezi kumwacha aende peke yake. Nikabaki na meza. Nililoweka ukwaju, nikaufikicha, nikauchuja, nikabeba ndoo mpaka mbele, mahali nisipopapenda, nikasimama.

Mteja wa kwanza alikuwa mpagazi mmoja anayekunywa kwetu kila siku. Alishangaa kuniona.

"Mambo mdogo wangu? Leo wewe? Haya, nipe bungo la baridi."

"Hamna, kaka," nikasema. Sikusikika. Nikarudia kwa nguvu, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka mama wa vitumbua akageuka. "Hamna. Bungo hamna."

"Mpaka lini?"

Nilimwangalia. Nilitaka kumwambia yote, bonde, kima, sufuria. Alikuwa na mzigo unamsubiri.

"Kuna ukwaju," nikasema.

Akapokea kikombe, akanywa chote kwa mkupuo mmoja, akalamba midomo.

"Ee, mtamu huu," akasema. "Huu ndio muuze kila siku. Unatoka wapi?"

"Porini," nikamjibu, nikamwongezea.